Nawasaidia waliobakwa, lakini mwenyewe nimeanza kuzama: nifanyeje?

*Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Mwanza, nauza vifaa vya simu. Huu ni mwezi wa nne najitolea kila Jumamosi kwenye kituo kinachowapokea waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Mafunzo tuliyopewa yalikuwa ya siku mbili tu. Kuna binti wa miaka 19 niliyempokea mwezi wa kwanza. Nilimpa namba yangu, na sasa hunipigia saa nane usiku akilia, nami nashindwa kutopokea. Nimeshamlipia nauli, dawa, hata kodi ya mwezi mmoja. Silali vizuri, mume wangu akinigusa nashtuka, na nikimwona mwanamume kamshika mtoto mkono barabarani moyo unanienda mbio. Mume anasema niache. Nikiacha nitajiona msaliti. Na kuna jambo sijawahi kumwambia mtu: nilipokuwa na miaka 12, ndugu mmoja wa pale nyumbani alinifanyia. Mtu kama mimi anafaa kweli kwenye kazi hii?*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, nami naanza na mwisho wake, kwa kuwa naamini ndiko ulikotaka kufika tangu ulipoanza kuandika. Pole. Pole kwa lililokupata ukiwa na miaka 12, na pole kwa miaka 14 ya kulibeba peke yako. Hukukosea. Najua maneno hayo unawaambia wengine kila Jumamosi. Nakuambia wewe sasa, maana tunaoyasema kila siku mara nyingi ndio wa mwisho kuyaamini.

Unafaa. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla hawajatimiza miaka 18. Piga hesabu ya wale mliokaa nao kwenye yale mafunzo ya siku mbili. Wewe si peke yako uliyekuwa na siri mle chumbani. Kama anayefaa angekuwa yule tu ambaye hajaguswa, vituo vingi vingefungwa kesho asubuhi.

Ila kufaa ni jambo moja, na kuwa tayari leo ni jingine. Wazee wetu walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na nadhani ndipo ulipo. Jiulize maswali mawili na ujijibu kweli. Binti anaposimulia, wewe unabaki naye pale kitini, au unarudi kwenye nyumba ile ya utotoni? Na unapotamani aende polisi, unatamani kwa ajili yake, au kwa sababu wewe hukupata wa kukupeleka? Kama unarudi kule, na kama kesi yake imeanza kuwa kesi yako, basi kwa wiki sita hadi nane usipokee mtu mpya. Tafuta mshauri nasaha wako mwenyewe, asiye wa kituo mnachofanya kazi pamoja, ukae naye kwa ajili yako. Kituoni huna haja ya kueleza sababu. Waambie unapumzika kupokea watu, uwasaidie kwenye madaftari au kuandaa chumba. Mume utamwambia siku utakayotaka, au usimwambie kabisa. Hilo ni lako.

Na jambo moja nakuomba sana: usimsimulie manusura habari yako. Najua inavyokuja mdomoni, “hata mimi…”, na inaonekana kama itamtuliza. Lakini ukishaisema, yeye ndiye anayeanza kukuonea huruma. Nimewaona mabinti wakifuta machozi yao haraka ili wamfariji aliyekuja kuwafariji.

Sasa tuje kwenye simu ya saa nane usiku.

Nilipokuwa mwaka wa tatu kwenye kazi hii ya kuwahudumia walioumizwa, nilimchukua binti mmoja nikaenda kuishi naye kwangu. Ndugu zake walitaka kumalizana na upande wa mkosaji kwa fedha, yeye akakataa, wakamfukuza. Alikaa kwangu wiki saba. Nilimlisha, nikamvisha, nikamsindikiza kila mahali, na usiku kabla ya kwenda mahakamani nilimfundisha namna ya kujibu. Nilidhani ndiyo huruma. Siku ya siku wakili wa utetezi akamuuliza anaishi kwa nani, nani anamlisha, na nani alimwambia aseme hivyo. Binti akanitazama. Kila mtu mle ndani aliona jinsi alivyonitazama. Kesi ilianguka. Sisemi ni mimi peke yangu niliyeiangusha, lakini lango alilopitia wakili yule nililifungua mimi. Baada ya hapo binti aliondoka bila kuaga, na nilimwelewa. Nilikuwa nimemfanya awe na deni kwangu, na mtu mwenye deni la ukubwa ule hawezi kukuambia kwamba leo hataki kukuona.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa aliyetendewa mwenyewe. Kwa hiyo kila neno unalomwekea mdomoni linampunguzia nguvu, na kila fedha unayompa mkononi upande wa pili utaiita malipo. Watu wengi hudhani mipaka inamlinda anayesaidia peke yake, kana kwamba ni namna ya uchoyo. Si hivyo. Binti wa 19 ambaye kamba yake yote imefungwa kwako atafanyaje siku utakayougua malaria, au siku mume atakapoitupa simu ukutani? Anahitaji kamba nne tano, zilizofungwa sehemu mbalimbali.

Ndiyo maana vituo vyetu vinaitwa Mkono kwa Mkono. Daktari, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, ofisa ustawi wa jamii na mshauri wako mahali pamoja, ili aliyeumizwa asisimulie habari ileile mara nne kwenye majengo manne. Kule Bukavu, mashariki mwa Kongo, katika Hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018, huduma imejengwa juu ya nguzo nne: tiba, nafsi, sheria na maisha ya kujitegemea. Kila nguzo ina watu wake. Daktari bingwa yule hajaribu kuwa wakili, na wakili hajaribu kushona majeraha. Sasa wewe, muuza vifaa vya simu mwenye mafunzo ya siku mbili, umekuwa daktari, benki, mwenye nyumba na mlinzi wa usiku. Ungewezaje kulala?

Kazi yako halisi ni ndogo kuliko hiyo, na ni ya thamani kubwa. Mtu anapoingia, unahitaji kujua mambo matatu: yuko salama sasa, ameumia wapi, na ilitokea lini. Usiulize namna alivyofanyiwa. Hayo ni ya daktari na polisi, na Shirika la Afya Duniani lenyewe halishauri kumsukuma mtu aliyepatwa na kiwewe asimulie yote kwa mkupuo. Akitaka kusema, sikiliza. Akinyamaza, nyamaza naye.

Hilo la “lini” ndilo lenye haraka, na hapa kila anayejitolea awe na saa kichwani. Dawa za PEP, zile za kuzuia maambukizi ya VVU, ni lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Zinamezwa kwa siku 28 mfululizo, na wengine huziacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu. Kumkumbusha kumaliza ni kazi yako kabisa. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, yaani siku tano, lakini ya leo ni bora kuliko ya kesho. Zipo pia dawa za magonjwa ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini aina ya B. Kama anataka kushitaki, asioge kwanza, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya kaki. Mfuko wa plastiki unatunza unyevu, na unyevu unaharibu ushahidi. Lakini akija ameshaoga, na wengi huja wameshaoga, usionyeshe hata kwa uso kwamba ameharibu. Dawa bado zinamfaa, na neno lake bado lina uzito. Fomu ya polisi, PF3, ifuatwe, ila ukikuta mahali wanaidai kabla ya dawa, omba kwa adabu dawa zianze huku mwenzako akiifuata. Polisi watakuwepo jioni. Saa zilizopita hazirudi.

Kama ni mtu mzima, kushitaki au kutoshitaki ni uamuzi wake. Ameshaamuliwa juu ya mwili wake mara moja. Asiamuliwe tena na sisi, hata kwa nia njema. Kwa mtoto ni tofauti. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa, na namba 116, ya simu ya msaada kwa watoto, inapigwa bure. Mwambie mtoto hilo mapema, kabla hajafunguka, kwamba yapo mambo hutaweza kuyaweka siri kwa sababu unataka awe salama. Ukimwambia baada ya kufunguka, ataona umemuuza.

Maneno yenyewe yawe machache. “Nakuamini.” “Si kosa lako.” “Ungependa tuanze na nini?” Usiseme mshukuru Mungu uko hai. Usimwambie asamehe. Na swali la “mbona hukupiga kelele?” lisitoke kinywani mwako wala usimwachie mwingine alitoe ukiwa umekaa pale. Mwili ukizidiwa na hofu huganda, sauti haitoki, miguu haiendi, na hilo halichaguliwi na mtu. Hata sheria inalijua: kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinaeleza kwamba si lazima kuwe na alama za kupambana, kama majeraha mwilini, ndipo ithibitike kuwa hakukuwa na ridhaa. Nimewahi kumsomea mama mmoja kifungu hicho taratibu, mara mbili. Alikuwa amejilaumu miaka tisa kwa kuwa hakupiga kelele. Akauliza, “Yaani imeandikwa kabisa?”

Na pengine wewe pia ulikuwa hujui kwamba imeandikwa.

Nikueleze kuhusu bibi yangu. Nilikulia Tanga, na bibi alikuwa mwosha, alikuwa akiitwa kuosha maiti za wanawake mtaani. Simfananishi manusura na maiti, Mungu apishie mbali. Namfananisha anayehudumu na mwosha. Bibi hakuwahi kwenda peke yake, walikuwa wawili au watatu. Waliyoyaona mwilini hayakutoka mle ndani, ndiyo maana ikasemwa aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wakimaliza walioga kabla ya kugusa chochote. Kisha, na hili ndilo nililolielewa nikiwa mtu mzima, hawakutawanyika. Walikaa barazani, wakanywa chai ya tangawizi, wakazungumza kidogo sana, na wakati mwingine mmoja alilia. Ndipo kila mmoja akashika njia ya kwake. Hakuna aliyewafundisha saikolojia. Walijua tu kwamba mtu hatoki kwenye kazi kama ile akaingia moja kwa moja jikoni kwake.

Ipeleke hiyo kituoni kwenu. Kila zamu iwe na watu wawili. Simu iwe ya kituo, yenye mtu wa zamu na saa zinazojulikana, na namba yako isitoke tena. Angalau kila baada ya wiki mbili mkae na mtu mwenye uzoefu kuliko ninyi, mzungumze juu ya ninyi wenyewe: nani amelemewa, nani amekasirika, nani haji tena. Nauli yenu irudishwe. Kuhusu siri, sina masihara: hakuna picha, hakuna “kesi ya leo” kwenye kundi la WhatsApp, hakuna hata kuandika kwenye status kwamba leo umesikia ya kusikia. Kutoka Buhongwa hadi Igoma watu wanajuana kuliko unavyodhani, na ukitaja umri, kazi na siku, umeshamtaja mtu. Kama viongozi wa kituo watakuambia hayo yote ni anasa, tafuta kituo kingine. Nasema hivyo nikijua vituo ni vichache. Kituo kisichowatunza wanaojitolea hubadilisha watu kila miezi mitatu, na aliyeumizwa anakuta sura mpya kila anaporudi.

Unayoyaeleza juu ya usingizi, mshtuko na wanaume barabarani yana jina. Mwaka 1990 wanasaikolojia wawili, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman, waliandika juu ya kiwewe kinachompata anayesikiliza, mimi hukiita kiwewe cha kusikia. Hakiji kwa sababu wewe ni dhaifu. Masimulizi ya watu yanabadilisha namna unavyoiona dunia, mpaka baba anayemvusha mwanawe barabara anaonekana mtuhumiwa. Kipo kingine, uchovu wa huruma, ambacho kinakausha: mtu analia mbele yako na wewe unaangalia saa. Hicho hujakifikia, na nashukuru umeandika mapema. Ila usingizi ukikosekana wiki tatu mfululizo, au ukianza kufikiria kwamba heri usingekuwepo, nenda hospitali, kitengo cha afya ya akili, siku hiyohiyo, kama ambavyo ungekwenda ukiwa na homa kali. Ukiwa mwenye sala, sali. Sala na kliniki havigombani.

Mumeo simwoni kama adui. Yeye ndiye anayemwona anayerudi nyumbani Jumamosi jioni. Mwambie unavyojisikia, usimwambie ulivyosikia: “Leo ilikuwa siku nzito, naomba unikalie karibu bila kuniuliza.” Na ukishtuka akikugusa, mwambie palepale, “Si wewe.” Maneno mawili tu, lakini mwanaume anayeyakosa hujitungia mengine mabaya zaidi. Mkubaliane kwamba akikukaribia kwa nyuma ataita jina lako kwanza.

Kwa Jumamosi zenyewe, chagua kitu kimoja kinachofunga siku, ukirudie kila wiki hadi mwili ukijue. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla, utembee. Oga kabla ya kushika sufuria. Vua nguo za kituoni uzitenge. Na uwe na jambo moja kwa wiki lisilohusu ukatili wala uponyaji wa mtu yeyote, kwaya, netiboli, kusuka, ambalo hulifuti hata kituo kikiwaka moto.

Imebaki habari ya binti. Usizime simu tu ghafla, atadhani naye amekuchosha kama alivyowachosha wengine. Wiki hii nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, umweleze habari ya kodi na chakula, maana hilo ni lake na si la mfuko wako. Jumamosi mwite, mkae watatu, wewe, yeye na mwenzako wa zamu atakayeendelea naye. Kisha mwambie wewe mwenyewe kwa kinywa chako: “Nilikupa namba yangu kwa sababu nakujali, lakini nilikosea namna. Usiku siwezi kukusaidia vizuri, na unastahili mtu anayeweza. Kuanzia leo utapiga namba hii, na huyu atakujua kama mimi ninavyokujua. Mimi sijakukasirikia, na uliyoniambia yanabaki kwangu.” Mwandikie namba ile kwenye karatasi, asitegemee simu peke yake. Mwulize nani mwingine anaweza kukaa naye usiku, shangazi, rafiki, jirani, na mwandike majina mawili hapohapo.

Huenda akanuna. Huenda akanyamaza wiki nzima. Usimpigie saa nne usiku kuulizia. Muulize mwenzako Jumatatu asubuhi, mchana, kwenye mwanga. Nami niandikie baada ya hapo uniambie alisema nini, na wewe ulilala saa ngapi.